Kando ya Kitanda kabla ya Udaktari: Cicely Saunders, Huduma ya Kujitolea na Chimbuko la Tiba Shufaa, 1948–2004

Ikisiri

Makala haya yanachunguza kipindi ambacho Cicely Saunders, mwasisi wa hospisi ya kisasa, alihudumu kwa kujitolea katika nyumba ya wagonjwa mahututi ya St Luke's, London, kuanzia mwaka 1948, kabla ya kujiunga na shule ya tiba mwaka 1951. Maandishi mengi yanakichukulia kipindi hiki kama utangulizi tu wa kazi yake ya udaktari. Makala yanadai kinyume: kwamba maarifa ya msingi ya tiba shufaa, hasa utoaji wa mofini kwa saa maalumu bila kusubiri maumivu yarejee, aliyapata akiwa mhudumu wa kujitolea, na aliyapata kutoka kwa wauguzi. Udaktari ulimpa jambo jingine, nalo ni mamlaka ya kusikilizwa. Pengo hilo kati ya anayejua na anayesikilizwa linafuatiliwa hadi Uganda, ambako kanuni ya mwaka 2004 iliwaruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuandika dawa ya mofini.

1.0 Utangulizi

Historia ya tiba shufaa, yaani tiba inayolenga kuondoa maumivu na mateso ya mgonjwa ambaye maradhi yake hayatarajiwi kupona, kwa kawaida huanzia Julai 1967, hospisi ya St Christopher's ilipozinduliwa rasmi katika eneo la Sydenham, kusini mwa London. Mwasisi wake, Cicely Saunders (1918–2005), hutambulishwa kwanza kama daktari. Utambulisho huo ni wa haki, kwa kuwa ni kwa jina la udaktari alifanya utafiti, aliandika na kukusanya fedha za ujenzi. Hata hivyo, unaficha mpangilio wa matukio. Saunders alikuwa muuguzi, kisha ofisa ustawi wa jamii wa hospitali, kisha mhudumu wa kujitolea miongoni mwa wanaokufa. Udaktari ulikuja mwisho, akiwa na umri ambao wenzake wengi walikwisha kuwa mabingwa.

Mpangilio huu unazua swali la kihistoria. Ikiwa mtu alikwenda kusomea udaktari baada ya kukaa miaka kadhaa kando ya vitanda vya wagonjwa mahututi, je, alikwenda kutafuta maarifa aliyoyakosa, au alikwenda kutafuta kibali cha kuyasema maarifa aliyokuwa nayo? Jibu la swali hili lina uzito kwa yeyote anayetaka kuelewa jinsi maarifa ya tiba yanavyozaliwa na yanavyotambuliwa. Lina uzito pia kwa wanafunzi watarajiwa wa udaktari ambao leo hujitolea katika hospisi, na kwa vyuo vinavyowapokea.

Makala yanafuata mpangilio wa wakati. Yanaanza na hali ya wagonjwa mahututi Uingereza katika miaka ya 1940, yanaeleza kwa kirefu huduma ya kujitolea ya St Luke's, kisha yanafuatilia safari ya maarifa hayo hadi katika utafiti, katika taasisi, na hatimaye Afrika Mashariki.

2.0 Usuli: Wagonjwa Mahututi katika Uingereza ya Miaka ya 1940

Mnamo tarehe 5 Julai 1948 Uingereza ilianzisha Huduma ya Taifa ya Afya, iliyomwezesha kila mkazi kutibiwa bila kulipa pale anapotibiwa. Kilikuwa kipindi cha matumaini makubwa. Dawa za kuua bakteria zilikuwa zimeanza kuenea, upasuaji wa kifua ulikuwa ukipiga hatua, na tiba ya mionzi ilikuwa ikiboreshwa. Tiba ilijipima kwa idadi ya waliopona. Katika kipimo hicho, mgonjwa wa saratani aliyekuwa akielekea kufa hakuwa na nafasi. Alikuwa ushahidi wa kushindwa. Uchunguzi uliofanywa na wakfu wa Marie Curie Memorial kuhusu wagonjwa wa saratani majumbani, uliochapishwa mwaka 1952, ulionyesha mateso na upweke mkubwa. Ripoti ya Glyn Hughes ya mwaka 1960 kuhusu huduma za wanaokufa ilithibitisha kwamba miaka 12 ya Huduma ya Taifa haikuwa imelitatua tatizo hilo.

Tatizo la maumivu lilikuwa na sura yake ya pekee. Mofini ilijulikana na ilipatikana, lakini desturi ya hospitali nyingi ilikuwa kuitoa kwa sindano pale mgonjwa anapolalamika, tena kwa kusitasita. Hofu kuu ilikuwa uraibu, pamoja na imani kwamba dawa ikizoeleka mwilini itakosa nguvu wakati itakapohitajika zaidi. Matokeo yake yalikuwa mzunguko usio na mwisho: dawa inaisha nguvu, maumivu yanarudi, mgonjwa anaita, muuguzi anatafuta idhini, sindano inatolewa, nafuu inapatikana kwa muda, kisha maumivu yanarudi tena. Mgonjwa aliishi akiitazama saa. Kadiri alivyoomba zaidi ndivyo alivyoshukiwa kuwa mraibu.

Kando ya hospitali hizo kubwa palikuwepo nyumba chache za kuwatunza wanaokufa, ambazo asili yake ni ya kidini. Mjini Dublin, Masista wa Upendo wa Ireland walikuwa wamefungua hospisi mwaka 1879, na mwaka 1905 shirika hilohilo lilifungua St Joseph's katika eneo la Hackney, mashariki mwa London. St Luke's, iliyokuwa Bayswater katika kipindi kinachojadiliwa, ilianzishwa mwaka 1893 na daktari Howard Barrett chini ya misheni ya Wamethodisti ya West London kwa ajili ya maskini waliokuwa wakifa. Kazi ya kila siku katika nyumba hizi ilikuwa mikononi mwa masista na wauguzi. Zilikuwa pembezoni mwa ulimwengu wa tiba: hazikuwa na hadhi ya hospitali za kufundishia, na uzoefu wao haukufika katika majarida ya kitaaluma.

3.0 Kutoka Uuguzi hadi Ustawi wa Jamii, 1940–1948

Saunders alizaliwa Barnet, kaskazini mwa London, tarehe 22 Juni 1918, katika familia yenye uwezo. Mwaka 1938 alianza masomo ya siasa, falsafa na uchumi Oxford. Vita vilipopamba moto aliyaacha, na mwaka 1940 akajiunga na shule ya uuguzi ya Nightingale katika hospitali ya St Thomas's. Alifuzu mwaka 1944, lakini maradhi ya mgongo hayakumruhusu kuendelea na kazi ya kuinua na kugeuza wagonjwa. Alirejea Oxford, akakamilisha shahada yake, kisha akasomea kazi ya ofisa ustawi wa jamii wa hospitali. Mwaka 1947 alikuwa kazini St Thomas's akiwa na wadhifa huo.

Katika kazi hiyo alikutana na David Tasma, mkimbizi wa Kiyahudi kutoka Poland aliyefanya kazi ya kuhudumu mkahawani London, na ambaye alikuwa na saratani isiyotibika. Tasma hakuwa na ndugu wa karibu mjini humo. Alipolazwa katika hospitali nyingine, Saunders aliendelea kumtembelea kwa muda wake mwenyewe, ingawa wajibu wake wa kazi ulikuwa umekwisha. Walizungumza juu ya mahali ambapo mtu kama yeye angeweza kufa bila maumivu na bila kupuuzwa. Tasma alifariki Februari 1948 akiwa na umri wa miaka 40, akimwachia Saunders pauni 500 ziwe dirisha katika nyumba hiyo ambayo bado haikuwepo.

Tukio hili limesimuliwa mara nyingi kama hadithi ya mapenzi na ya wito. Kwa mwanahistoria, lina maana nyingine pia. Ni mara ya kwanza Saunders kukaa na mgonjwa mahututi bila jukumu lolote la kitaalamu. Hakuwa muuguzi wake, hakuwa daktari wake, na baada ya mgonjwa kuhama hakuwa tena hata ofisa wake wa ustawi. Alibaki msikilizaji. Alichokigundua katika nafasi hiyo ni kwamba mateso ya Tasma hayakuwa ya mwili peke yake: aliumizwa pia na hisia kwamba alikuwa anaondoka duniani bila kuacha alama. Wazo hili lingekuja kupewa jina miaka 16 baadaye.

4.0 Jioni za St Luke's

Muda mfupi baada ya kifo cha Tasma, Saunders alianza kwenda St Luke's jioni, baada ya saa za kazi, kuhudumu kwa kujitolea kama muuguzi. Aliendelea hata alipokuwa tayari mwanafunzi wa udaktari. Maradhi ya mgongo yalikuwa yamemwondoa katika uuguzi wa ajira. Kujitolea kwa saa chache kulimrudisha kando ya kitanda kwa kiasi ambacho mwili wake ulikimudu.

Alichokiona huko kilitofautiana na alichokizoea St Thomas's. Wauguzi wa St Luke's walitoa mofini kwa kunywesha, kwa kiwango kilichopimwa kulingana na mgonjwa, na walitoa kwa saa maalumu, kwa kawaida kila baada ya saa nne. Utaratibu huo ulikuwa umetumika hapo tangu miaka ya 1930. Dozi inayofuata ilitolewa kabla ile ya awali haijaisha nguvu, hivyo maumivu hayakupata nafasi ya kurudi na mgonjwa hakulazimika kuomba. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Katika wodi za St Luke's hakuulizwa pia kama anaumwa vya kutosha kustahili dawa. Wagonjwa wengi walikuwa macho, waliongea na jamaa zao, na hawakuonyesha dalili za uraibu ambazo hospitali kubwa ziliziogopa.

Saunders alisoma pia ripoti za mwaka zilizoandikwa na Howard Barrett katika siku za mwanzo za nyumba hiyo. Ripoti hizo hazikuwa orodha za takwimu. Zilisimulia habari za wagonjwa mmoja mmoja: kazi walizokuwa wakifanya, familia walizoziacha, na namna walivyoikabili siku yao ya mwisho. Mtindo huo wa kuandika, unaomweka mgonjwa mbele ya ugonjwa, unaonekana wazi katika maandishi ya Saunders ya baadaye.

Swali linalofuata ni kwa nini utaratibu uliodumu zaidi ya miaka 10 katika jiji lenye hospitali mashuhuri haukuonwa na madaktari wa hospitali hizo. Sehemu ya jibu ni umbali wa kijamii uliokwisha kuelezwa. Sehemu nyingine inahusu muda. Daktari huja kitandani kwa ziara. Humwona mgonjwa kwa dakika chache, na katika dakika hizo mgonjwa huenda ametoka kupewa dawa au hana ujasiri wa kulalamika. Maumivu ya saratani hayajidhihirishi katika dakika. Hujidhihirisha katika urefu wa usiku. Anayeyaona ni yule anayekaa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na anayekikaribia zaidi baada ya mwenyewe ni yule aliyekaa kando yake hadi saa ya dozi inayofuata.

Nafasi ya kujitolea ilikuwa na faida ya ziada. Mhudumu wa kujitolea hakudaiwa kuponya, hivyo kifo cha mgonjwa hakikuwa kushindwa kwake. Hakuwa akipimwa na wakubwa wake kwa matokeo, wala hakuwa na sababu ya kutetea desturi za wodi aliyotoka. Angeweza kulinganisha. Kwa mchana alikuwa St Thomas's, ambako wagonjwa waliitazama saa. Kwa jioni alikuwa St Luke's, ambako saa iliwatazama wagonjwa. Ulinganisho huo haukuwa na jina la utafiti, lakini ulikuwa na sifa zake za msingi: maeneo mawili, dawa moja, taratibu mbili, na mtazamaji yuleyule aliyerudi wiki baada ya wiki.

Ni muhimu kuepuka kutia chumvi. Saunders hakuwa mhudumu wa kujitolea wa kawaida: alikuwa muuguzi aliyefuzu, na bila ujuzi huo asingetambua umuhimu wa alichokiona. Zaidi ya hayo, hakuwa mgunduzi wa utaratibu huo. Waliouanzisha na kuuendeleza ni wauguzi wa St Luke's, ambao majina yao hayakuingia katika historia inayosimuliwa. Saunders mwenyewe hakuwahi kudai vinginevyo. Katika maandishi yake aliitaja St Luke's mara kwa mara kuwa ndiko alikojifunza. Ni wasimulizi wa baadaye walioihamishia sifa hiyo kwa mtu mmoja.

5.0 Kwa Nini Udaktari?

Kufikia mwanzo wa miaka ya 1950 Saunders alikuwa na hakika kwamba maisha yake yangetumika kwa wanaokufa, na alifikiria kurudi katika uuguzi kwa njia yoyote ambayo mgongo wake ungestahimili. Aliyembadilisha mawazo ni Norman Barrett, mpasuaji wa kifua wa St Thomas's aliyekuwa akifanya naye kazi. Ushauri wake ulikuwa mkali: akasome udaktari, kwa sababu madaktari ndio wanaowatelekeza wanaokufa, na kwa sababu yapo mambo mengi ya kujifunza kuhusu maumivu ambayo hangeyafikia, wala asingesikilizwa, akiwa si daktari.

Ushauri huo unastahili kuchambuliwa, kwa maana una hoja mbili zilizofungwa pamoja. Hoja ya kwanza inahusu maarifa: kwamba palihitajika utafiti wa dawa. Hoja hiyo ilikuwa ya kweli. Miaka ambayo Saunders alikuwa mwanafunzi, 1951 hadi 1957, ndiyo miaka ambayo dawa mpya za kutuliza akili na kuzuia kichefuchefu, pamoja na dawa za jamii ya steroidi, zilianza kupatikana, na asingejifunza kuzitumia bila mafunzo ya tiba. Hoja ya pili inahusu mamlaka: kwamba jambo lilelile likisemwa na muuguzi halina uzito, likisemwa na daktari lina uzito. Hoja hii nayo ilikuwa ya kweli, lakini ukweli wake ni kasoro ya mfumo, si upungufu wa maarifa ya wauguzi. Barrett hakuuhukumu mfumo. Alimwelekeza mwenzake namna ya kuupenya.

Saunders aliingia shule ya tiba ya St Thomas's mwaka 1951 akiwa na miaka 33. Shule za tiba za London zilikuwa zimeanza kuwapokea wanawake kwa upana baada ya vita tu, na yeye alikuwa mkubwa kwa umri kuliko wanafunzi wenzake wengi. Alifuzu mwaka 1957, akikaribia miaka 40. Si kila mhudumu wa kujitolea angeweza kulipa gharama hiyo ya muda na fedha, na hapa asili yake ya kifamilia haiwezi kupuuzwa. Njia iliyompeleka kutoka kando ya kitanda hadi kwenye mamlaka ilikuwa wazi kwa wachache.

6.0 Kutoka Ushuhuda hadi Ushahidi: St Joseph's, 1958–1965

Mwaka 1958 Saunders alipata ufadhili wa utafiti katika idara ya famakolojia ya shule ya tiba ya hospitali ya St Mary's, Paddington, na akaanza kufanya kazi katika hospisi ya St Joseph's, Hackney. Masista wa hapo walikuwa na moyo na nidhamu, lakini walitoa mofini kwa desturi ya sindano pale maumivu yanapozidi. Saunders aliingiza mambo mawili: utaratibu wa dozi za kunywa kwa saa maalumu aliojifunza St Luke's, na kumbukumbu za maandishi kwa kila mgonjwa. Hali ya wodi ilibadilika.

Tofauti kati ya alichofanya Hackney na kile wauguzi wa Bayswater walichokuwa wakifanya miaka mingi haikuwa katika tiba yenyewe. Ilikuwa katika kumbukumbu. Aliandika dozi, muda na majibu ya wagonjwa; alirekodi mazungumzo yao kwa mashine ya kunasa sauti; katika miaka saba alikusanya taarifa za wagonjwa zaidi ya 1,000. Taarifa hizo zilionyesha kwamba mofini ikitolewa kwa utaratibu haileti uraibu uliohofiwa, na kwamba ongezeko la dozi kwa kawaida hutokana na kukua kwa ugonjwa. Ushuhuda wa wodi uligeuka kuwa ushahidi unaoweza kuchapishwa.

Ni jambo la kuzingatia kwamba mfululizo wake wa makala uliovutia wasomaji wengi ulichapishwa mwaka 1959 katika jarida la wauguzi, Nursing Times. Maarifa yaliyotoka kwa wauguzi yalirudi kwao, sasa yakiwa na saini ya daktari. Mwaka 1964 alitumia dhana inayoweza kuitwa kwa Kiswahili maumivu ya ujumla, yaani maumivu yanayounganisha mwili, akili, mahusiano ya kijamii na roho. Dhana hiyo ilitokana na mazungumzo na wagonjwa wa Hackney, lakini mizizi yake ipo katika ziara alizomfanyia Tasma mwaka 1948.

7.0 Kujitolea Kunapogeuka Taasisi

St Christopher's ilifunguliwa mwaka 1967 ikiunganisha tiba, mafundisho na utafiti chini ya paa moja. Wahudumu wa kujitolea walikuwa sehemu ya mpango wake tangu mwanzo. Mwaka 1969 ilianza kuwafuata wagonjwa majumbani. Mwaka 1971 Robert Twycross aliajiriwa hapo kufanya utafiti uliolinganisha mofini na heroini ya kitabibu zikitolewa kwa kunywa. Matokeo yalionyesha kwamba hakuna tofauti yenye uzito wa kitabibu kati yao. Kwa hiyo nchi yoyote, hata ile inayopiga marufuku heroini, ingeweza kutibu maumivu ya saratani kwa mofini na maji. Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani lilichapisha mwongozo wake wa kutuliza maumivu ya saratani, uliosisitiza dawa itolewe kwa kunywa na kwa saa maalumu. Utaratibu wa wodi za Bayswater ulikuwa umekuwa sera ya dunia.

Nchini Marekani, kujitolea kulichukua sura ya kisheria. Bunge lilipoidhinisha mwaka 1982 malipo ya huduma za hospisi kupitia bima ya Medicare, utaratibu ulioambatana na malipo hayo uliitaka kila hospisi itumie wahudumu wa kujitolea kwa angalau asilimia 5 ya saa za huduma kwa wagonjwa. Sharti hilo lilifungua mlango kwa vijana wengi, wakiwemo wanaojiandaa kuomba nafasi katika shule za tiba, ambazo hupenda kuona kwamba mwombaji amewahi kuwa karibu na wagonjwa.

Hapo swali la nia linaibuka. Saunders alipoanza kwenda St Luke's hakuwa akiandaa ombi la chuo. Wazo la udaktari halikuwa limemjia. Kijana wa leo anaweza kwenda hospisi akihesabu saa zitakazoandikwa katika fomu. Wapo wanaoona kwamba kujitolea kwa namna hiyo ni biashara, na kwamba mgonjwa mahututi anageuzwa kuwa darasa. Hoja hiyo ina nguvu. Hata hivyo, kisa kilichochunguzwa hapa kinaelekeza macho mahali pengine. Kilichomfundisha Saunders hakikuwa usafi wa nia yake, bali masharti mawili ya nafasi aliyokuwa nayo: alirudi mahali palepale kwa miaka, na alifanya kazi za mkono na sikio bila uwezo wa kuamuru chochote. Saa 20 za kupita wodini haziwezi kuleta matunda hayo, hata nia ikiwa safi kiasi gani; na aliyeingia kwa hesabu, akikaa vya kutosha, anaweza kubadilishwa na anachokiona. Kwa mgonjwa, tofauti muhimu ni kama mhudumu huyo atarudi wiki ijayo.

8.0 Afrika Mashariki: Kalamu Mikononi mwa Muuguzi

Maarifa ya hospisi yalifika Afrika Mashariki kupitia watu waliokuwa na uhusiano na vuguvugu la Uingereza. Hospisi ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1990. Anne Merriman, daktari mzaliwa wa Liverpool aliyewahi kufanya kazi Nigeria na Singapore, alihudumu Nairobi kabla ya kuanzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala mwaka 1993. Akiwa Singapore alikuwa ameshiriki kutengeneza kimiminika rahisi cha mofini, yaani unga wa mofini uliochanganywa na maji, rangi na kihifadhi. Dawa hiyo, iliyowezekana kwa sababu ya utafiti wa miaka ya 1970, ndiyo aliyoingia nayo Uganda.

Kikwazo hakikuwa dawa, kilikuwa saini. Sheria iliwapa uwezo wa kuandika mofini madaktari pekee, na madaktari walikuwa wachache na wengi wao walikuwa mijini, ilhali wagonjwa wengi wa saratani na UKIMWI walikuwa vijijini. Muuguzi aliyemfikia mgonjwa aliyaona maumivu, aliijua dawa na aliijua dozi, lakini hakuwa na ruhusa. Ilikuwa hali ileile ya Bayswater ikijirudia katika mazingira mengine: anayekaa na mgonjwa anajua, asiyekuwepo ndiye mwenye mamlaka.

Uganda ililijibu tatizo hili kwa njia tofauti na ile ambayo Barrett alimshauri Saunders. Haikuwaambia wauguzi wakasomee udaktari. Kanuni iliyotolewa mwaka 2004 iliwaruhusu wauguzi na maofisa tabibu waliopata mafunzo maalumu ya tiba shufaa kuandika mofini wenyewe, na nchi hiyo ikawa miongoni mwa za kwanza duniani kuchukua hatua hiyo. Mpango huo uliambatana na mafunzo, usimamizi na utunzaji wa kumbukumbu za dawa. Katika vijiji, wahudumu wa kujitolea wa jamii walifundishwa kuwatambua wagonjwa wenye maumivu na kuwaunganisha na muuguzi. Mnyororo kutoka kwa anayekaa kando ya kitanda hadi kwa anayeandika dawa ulifupishwa.

9.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba kipindi cha kujitolea cha Cicely Saunders kilikuwa mahali pa kuzaliwa kwa maarifa, na kwamba maarifa hayo yalikuwa ya wauguzi kabla hayajawa yake. Masomo ya udaktari yalimwongezea ujuzi wa dawa na mbinu za utafiti, lakini kazi yake kubwa zaidi ilikuwa kumpa sauti ndani ya taaluma ambayo haikuwa ikiwasikiliza wasio madaktari. Kumbukumbu alizoziandika Hackney ziliufanya uzoefu wa wodi moja uweze kusafiri. Bila kumbukumbu hizo ungebaki Bayswater.

Historia hii ina maana mbili zinazopaswa kushikwa pamoja. Kwa mwanafunzi mtarajiwa wa udaktari, inaonyesha kwamba miaka ya kutokuwa na cheo si muda uliopotea. Inawezekana ndiyo miaka pekee ambayo ataliona tatizo kwa urefu wake, kabla ziara za dakika chache hazijamzoesha kulipita. Kwa taasisi za tiba, inauliza swali gumu zaidi: ni taratibu ngapi nyingine zinazofanya kazi zimebaki mikononi mwa watu ambao hakuna anayewauliza? Njia ya Saunders iliwezekana kwa mtu mmoja mwenye uwezo, ustahimilivu na mshauri. Njia ya Uganda ya mwaka 2004 iliwezekana kwa wengi, kwa kuwa iliibadilisha sheria badala ya kumtaka kila mwenye maarifa abadilishe taaluma. Utafiti wa kina kuhusu wauguzi wa nyumba za mwanzo, nao wakiwa waandishi wa ripoti, wapimaji wa dozi na walimu wa Saunders, utasaidia kuikamilisha historia ambayo hadi sasa imesimuliwa zaidi kwa jina la mwanafunzi wao.